Kumtafuta Liyongo Mtandaoni: Picha Peke Yake Haitoshi

Mwalimu mwenzangu, tuseme unafundisha fasihi katika shule ya upili iliyo jirani na Idsowe, karibu na Garsen. Umefika kwenye mighani, na shujaa wako ni Fumo Liyongo. Wanafunzi hawamwoni kuwa mgeni, kwani Ozi na Kipini, anakotajwa sana katika masimulizi, ziko papa hapa kwenye delta ya Mto Tana. Mmoja anauliza: "Mwalimu, utendi wenyewe ulioandikwa kwa mkono uko wapi? Twaweza kuuona?"

Swali hilo lina jibu. Utendi wa Fumo Liyongo uliandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Kijumwa alikuwa pia khatati hodari aliyewanakilia tungo wataalamu wa kigeni, wakiwemo Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Ndiyo sababu kazi nyingi za mkono wake zimehifadhiwa Uingereza na Ujerumani. Chuo cha SOAS, London, kimeweka mtandaoni picha za miswada ya Kiswahili. Mbona basi mwanafunzi wetu hutafuta akarudi mikono mitupu?

Kikwazo cha kwanza ni majina. Mashine hutafuta herufi ulizoiandikia. Ukiandika Liyongo, huenda usipate alipoandikwa Liongo, kama alivyofanya Edward Steere mwaka 1870. Vivyo hivyo utendi na utenzi, Kijumwa na Kijuma. Orodha nzuri hukusanya maumbo yote ya jina mahali pamoja.

Cha pili, ambacho ndicho kizito zaidi, ni hati. Ukurasa uliopigwa picha hautafutiki maneno yake mpaka usomwe na kuandikwa upya. Isitoshe, katika hati ya Kiarabu ya kawaida, kasra husimama kwa i na kwa e, na dhumma kwa u na kwa o. Anayebadilisha herufi kwa herufi aweza kumgeuza Liyongo akawa Liyungu! Anahitajika msomaji ajuaye Kiamu, aziandike beti kwa herufi za Kirumi kando ya picha.

Cha tatu ni lugha ya maelezo. Mswada ukielezwa kwa Kiingereza pekee, anayetafuta "mighani," "tumbuizo" au "gungu" hataufikia. Maneno ya wenye fasihi hayana budi kuwemo katika orodha.

Mwisho, picha kubwa huielemea simu. Dawa ipo: ukurasa hugawanywa vipande, na simu hupokea kile kinachotazamwa tu.

Je, wewe ufanye nini? Chapisha ukurasa mmoja, uubandike ubaoni, kisha ulinganishe na toleo la darasani. Maneno yanatofautiana wapi? Mizani je? Huo ni uhakiki halisi. Halafu wanafunzi wawaulize wazee, Wapokomo na Waswahili, jinsi wanavyoyatamka majina ya watu na mahali. Waandike waliyoambiwa kwa idhini ya wasimulizi, nawe uwapelekee watunzaji wa miswada. Mtunzaji aliye London hawezi kuyajua haya asipoambiwa na watu wa huku.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Picha tunazo; daftari ndilo halijakamilika, na sehemu yake moja iko mikononi mwa darasa lako.