Chozi: Kito cha bustani ambaye kiota chake hudhaniwa takataka

Ndege mdogo mwenye mdomo mrefu uliopinda, anayerukaruka kati ya maua huku manyoya yake yakimetameta, si mgeni katika bustani nyingi za Nairobi na viunga vyake. Huyo ni chozi. Hata hivyo, si wengi wafahamuo kwamba ndege wa rangi iliyofifia anayeandamana naye ni jike lake.

Anayeonekana sana ana urefu wa sentimita 10 hivi. Kichwa na mgongo wa dume hung’aa kwa buluu na kijani, kifua ni cha zambarau na tumbo ni la manjano, ingawa kaskazini mashariki mwa Kenya tumbo huwa jeupe. Mwenzake, chozi wa kifua chekundu, ni mkubwa zaidi na mwili wake ni mweusi. Mng’ao huo hutokana na jinsi manyoya yanavyoakisi mwanga, na ndiposa ndege yuyo huyo akiingia kivulini huonekana mweusi tititi.

Chozi hufyonza maji matamu ya maua ya mshubiri, mgomba na mengineyo kwa ulimi wake mrefu. Aghalabu hutua kwanza kwenye kikonyo ndipo anywe. Chavua humganda kichwani, naye huipeleka kwenye ua jingine, hivyo kuiwezesha mimea kuzaa mbegu. Mara nyingine, hata hivyo, hutoboa ua ubavuni na kunywa bila kulifaidi.

Isitoshe, chozi hula wadudu na buibui, ambao ndio chakula kikuu cha makinda. Kwa hivyo, anayenyunyizia maua dawa ya kuua wadudu huenda akawanyima makinda riziki.

Hatari nyingine ni panga na fagio. Jike hufuma kiota kwa nyasi, majani makavu na utando wa buibui, kikaning’inia tawini mfano wa kifuko chenye mlango ubavuni. Kwa asiyekijua, hicho ni kichaka cha taka kilichonaswa na upepo, na wengi hukikata wapogoapo miti.

Kabla ya kukata tawi, basi, ni busara kusimama kando kwa dakika chache na kutazama. Iwapo ndege mnyonge wa rangi ataingia na kutoka na mdudu mdomoni, tawi hilo na lisubiri hadi makinda yaruke.