Karanga Zikikosekana, Tutie Nini Chunguni?

Katika gazeti letu hili wenzangu huandika habari za mpira, za safari za masomo na za watu mashuhuri. Leo naomba nafasi niandike habari za chungu. Najua wako watakaosema kwamba jambo hili ni la akina mama. Wasomaji wetu waliokwisha kumaliza shule, walio na watoto na mshahara wa kugawanya, hawatasema hivyo. Na sisi tulio shuleni bado, wakati wa likizo twarudi nyumbani ambako kila kikombe cha karanga kina bei yake.

Kwa wasiojua kwetu, makazi ya wakimbizi ya Nakivale yako katika wilaya ya Isingiro, upande wa kusini-mashariki ya mji wa Mbarara, karibu na ziwa la jina hilohilo. Yalitambuliwa rasmi mwaka 1960, wakati Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya mwaka 1959 walipokuwa wakiingia Uganda. Leo wako humo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengineo, na mara nyingi Kiswahili ndicho kinachowapatanisha sokoni. Kila watu walikuja na mapishi yao. Mkongo apika sombe, yaani majani ya muhogo, kwa mawese au kwa karanga. Msomali apenda mafuta ya ufuta. Ukienda Mbarara utakuta hoteli zikipika ndizi kwa mchuzi wa karanga, ambao Waganda huuita binyebwa. Na wenyeji wa Ankole wana eshabwe, mchuzi mweupe wa samli iliyopigwa kwa maji na chumvi, usio na karanga hata moja.

Mwezi wa Mei 2025 Shirika la Chakula Duniani liliwakatia msaada wakimbizi kama milioni moja katika Uganda nzima, kwa sababu ya upungufu wa fedha. Tangu hapo nyumba nyingi zimelazimika kupunguza hiki na kubadili kile, na karanga ni katika vitu vya kwanza kuachwa. Wazee walisema, "Ukikosa la mama, hata la mbwa huamwa." Methali hii ni ya kweli siku ya shida, lakini haisemi kwamba maziwa yote ni sawa. Ndilo jambo ninalotaka kulieleza: usitafute kitu kinachofanana na karanga kwa rangi au kwa uzito wa mchuzi, uliza kwanza karanga zilikuwa zikifanya kazi gani chunguni.

Kazi zenyewe ni nne. Kwanza, karanga zilizotwangwa hufanya mchuzi kuwa mzito. Pili, hutia mafuta: katika gramu 100 za karanga kavu, karibu nusu ni mafuta. Tatu, hutia chakula cha kujenga mwili, ambacho wataalamu hukiita protini: katika gramu hizo 100, protini ni kama gramu 25. Nne, hutia ladha na harufu. Kitu utakachokitia badala yake chaweza kufanya kazi moja au mbili na kuziacha nyingine. Hapo ndipo watu wanapodanganyika.

Tuanze na vinavyodanganya. Unga wa muhogo ukikorogwa ndani ya mchuzi huufanya mzito vizuri sana, na aliyeketi mezani aweza kuridhika. Lakini muhogo karibu hauna protini. Mawese nayo hutia mafuta, ladha na rangi nzuri. Tena mawese mekundu yana kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, iliyo nzuri kwa macho. Lakini mawese ni mafuta matupu. Mtu aliyeacha karanga akatia mawese peke yake amefanya kazi mbili katika nne, na ile ya kujenga mwili imebaki bila mfanyakazi.

Sasa tutazame vinavyoweza kushika nafasi kwa haki.

Ufuta, au simsim kama tusemavyo Uganda, una mafuta kama nusu ya uzito wake na protini karibu gramu 18 katika 100. Waacholi wa kaskazini ya Uganda huusaga na kuufanya rojo waiitayo odii, na mara nyingi huuchanganya na karanga. Uoshe uondoe mchanga, uukaushe, kisha uukaange kidogo tu kwa moto mdogo. Ukiungua huwa mchungu, na uchungu huo hautoki tena. Kwa kuwa ladha yake ina nguvu, anza na nusu ya kipimo cha karanga, uonje, kisha uongeze.

Mbegu za maboga ni hazina ambayo wengi huitupa jalalani. Zikimenywa, zina protini kama gramu 30 katika 100, yaani zinazipita karanga zenyewe, na mafuta yake ni karibu sawa. Zikaushe juani, zikaange, zimenye, uzitwange kinuni. Mchuzi wake huwa mzito na wa rangi ya kijani kidogo. Kazi yake kubwa ni kumenya, na hiyo ni kazi ya watoto jioni.

Mbegu za alizeti nazo hufaa, lakini yafaa ujue kichekesho chake. Ukizitia katika chakula chenye magadi, kama wengi wanavyofanya ili sombe au maharagwe yaive upesi, rojo yake yaweza kugeuka rangi ya kijani. Si sumu, wala chakula hakijaharibika. Ni magadi tu yanayokutana na kitu kimoja kilichomo ndani ya mbegu.

Soya ina protini nyingi kupita zote, kama gramu 36 katika 100, ila mafuta yake ni kama gramu 20 tu. Basi uiongezee kijiko cha mafuta. Soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo lisiisage protini vizuri. Kwa hiyo hapana budi iive kabisa: ichemshwe au ikaangwe kabla ya kusagwa, kisha mchuzi uchemke tena.

La mwisho ni maharagwe, na hili ndilo napenda mlishike. Watu wa Ankole na Toro huloweka maharagwe, huyamenya maganda, huyapika na kuyaponda yakawa laini kama uji mzito. Chakula hicho huitwa firinda. Maharagwe yana protini ya kutosha lakini mafuta ni kidogo sana. Mafuta ya kupikia yana mafuta na hayana protini. Vikiunganishwa, kila kimoja hukamilisha upungufu wa mwenzake. Tufanye hesabu: kikombe kimoja cha karanga, kama gramu 150, chatoa protini gramu 37 hivi. Vikombe viwili vya maharagwe yaliyoiva na kupondwa vyatoa karibu kiasi hichohicho, na vijiko vikubwa vitano hivi vya mafuta vyajaza pengo la mafuta. Ladha haitakuwa ile, lakini ukitia kitunguu kilichokaangwa na kiganja cha mukene zilizosagwa, wachache watanung'unika. Hao mukene wakavu, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Maharagwe yakiliwa pamoja na posho huwa bora zaidi, maana protini ya mahindi na ya maharagwe husaidiana.

Kwa kupaka juu ya mkate, parachichi laweza kushika nafasi ya siagi ya karanga: lina mafuta mazuri, protini kidogo tu. Usilichemshe kwa muda mrefu, maana huwa chungu.

Labda msomaji atauliza, kwani protini ina haraka gani? Kwa mtu mzima labda si leo wala kesho. Kwa mtoto aliyeachishwa ziwa ni jambo jingine. Siku moja nilimsikia jirani yetu akimwambia mama yangu, "Mama, huyu wangu si mgonjwa, tazama mashavu yake yalivyojaa." Mama alibonyeza mguu wa mtoto kwa kidole, na shimo likabaki palepale. Akasema, "Mama mwenzangu, huu si unene, ni maji. Tumpeleke zahanati leo." Mtoto yule alikuwa akila posho na mchuzi mwekundu wa mawese kila siku, na alikuwa akishiba. Ugonjwa huo ni kwashakoo. Daktari Cicely Williams alilitangaza jina hilo duniani mwaka 1935 baada ya kulisikia kwa Waga wa pwani ya Ghana, ambao walimaanisha ugonjwa wa mtoto anayeachwa mwenziwe anapozaliwa. Yule wa jirani alipona. Dawa aliyopewa ilikuwa pakiti za rojo tamu, iliyobuniwa Ufaransa katika miaka ya 1990, na ndani yake mna maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na karanga. Kitu kilichoondolewa chunguni kilirudi nyumbani kwa jina la dawa.

Kwa ajili ya watoto, Uganda ina njia njema iitwayo kitobero: ndizi au viazi hupikwa pamoja na maharagwe au karanga zilizopondwa, na mukene au maziwa kidogo, mara nyingi ndani ya jani la mgomba. Karanga zikikosekana, maharagwe na mukene wanatosha kuifanya kazi.

Nataka kuonya juu ya mambo mawili. La kwanza ni karanga za bei rahisi mno. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza, na uchunguzi ukaonyesha kwamba chakula chao kilikuwa na karanga zenye ukungu. Sumu ya ukungu huo iliitwa aflatoksini. Huharibu ini, na ikiliwa miaka mingi huleta saratani. Kuchemsha na kukaanga hakuiondoi yote. Basi nunua karanga nzima, tupa zilizokunjamana, zilizooza na zenye rangi mbaya, kisha usage mwenyewe. Zilizokwisha kusagwa hazionyeshi zilivyokuwa. Ni afadhali maharagwe safi kuliko karanga zenye ukungu.

La pili ni watu ambao miili yao hukataa karanga. Akila kidogo tu huvimba midomo, huwashwa, na pengine hushindwa kupumua. Huyu si mtu wa kuchagua chakula, wala usimjaribu kwa siri. Kumbuka kwamba ufuta nao huwadhuru baadhi ya watu, na kwamba mashine au kinu kilichosaga karanga hubakiza unga wake. Mtu wa namna hiyo asagiwe katika kinu chake.

Basi, ndugu zangu, mkifika nyumbani likizo hii na kuambiwa kwamba karanga zimeisha, msinung'unike, wala msiseme kwamba chochote kizito kinatosha. Hesabuni zile kazi nne: uzito, mafuta, kujenga mwili na ladha. Kama hamwezi kuzipata zote, acheni ladha kwanza. Ile ya kujenga mwili msiiache, hasa kama nyumbani yuko mtoto anayejifunza kutembea.