Wapangaji Ndani ya Seva

Paukwa! Pakawa. Hapo zamani, tena si zamani sana maana ilikuwa mwaka 1967, palikuwa na kompyuta kubwa ya IBM huko Cambridge, Massachusetts, nchini Marekani. Robert Creasy na wenzake waliifanyia kiinimacho: waliigawa ikawa kompyuta 14 za kujifanya, na kila moja ikajiona kompyuta kamili yenye prosesa na memori yake. Mfumo huo uliitwa CP-40. Cha kuchekesha, kila kompyuta ya kujifanya iliambiwa ina kilobaiti 256 za memori, na ile halisi iliyozibeba zote nayo ilikuwa na kilobaiti 256 tu!

Leo tunaziita mashine pepe. Seva moja hubeba kadhaa, na kuna mtu lazima aamue kila moja ipewe nini. Hapo ndipo wengi huteleza.

Wanangu, fikirieni nyumba ya kupanga, ile yenye ua katikati na bomba moja. Wapangaji kumi hulitumia bomba lile bila ugomvi: huyu anachota alfajiri, yule anafua adhuhuri, mwingine yuko kazini kutwa. Lakini chumba hakilaliwi kwa zamu. Ukishamkabidhi mpangaji ufunguo, kimekwenda, hata kama ameweka mkeka mmoja tu. Prosesa ndiyo bomba. Memori ndiyo vyumba.

Tuseme seva yetu ina viini 16 vya prosesa na gigabaiti 64 za memori. Tunataka mashine pepe nne. Ya hifadhidata tunaipa viini 8, ya tovuti 6, ya mafaili 4, ya majaribio 4. Jumlisheni: 22! Viini viko 16, sasa vimetoka wapi vingine sita? Havijatoka popote, na haina neno. Ni nadra mashine zote nne kuchemka dakika ileile, na zikichemka, programu inayozisimamia huzipanga foleni, kila moja ikapata kipande chake cha muda. Kazi itachelewa kidogo, lakini itafanyika.

Ila msiwe wakarimu kupita kiasi. Mashine yenye kazi ya viini viwili ukiipa vinane, haikimbii zaidi. Huenda ikachelewa, kwa sababu ile programu inayozisimamia inahangaika kuvipatia nafasi viini hivyo vingi kwa wakati unaokaribiana.

Memori ni habari nyingine. Kwanza tunamwekea mwenye nyumba, yaani seva yenyewe, gigabaiti 8. Zinabaki 56. Hifadhidata tunaipa 24, maana hupenda kuweka karibu taarifa zinazoulizwa mara kwa mara. Tovuti 8, mafaili 8, majaribio 4. Jumla 44, na 12 zilizobaki tunaziacha hivyohivyo. Msizionee uchungu, kuna siku zitahitajika.

Na tukigawa gigabaiti 80 wakati tunazo 64? Siku mashine zinazitaka zote, seva huanza kuhamishia baadhi ya vitu kwenye diski. Memori hujibu ndani ya sekunde moja iliyogawanywa mara milioni kumi hivi. Diski ya kuzunguka huchukua milisekunde kadhaa, yaani polepole mara makumi ya maelfu. Hapo hakuna foleni tena, ni kukwama. Kwenye mfumo endeshi wa Linux mambo yakizidi kuwa magumu, mfumo huchagua programu ya kuiua ili wengine wapumue. Mashine pepe pale ni programu kama nyingine, na anayekula memori nyingi ndiye aghalabu hupigwa. Kwetu sisi ni nani? Hifadhidata, tegemeo la wote.

Wajanja wametafuta njia. Mwaka 2002 Carl Waldspurger wa kampuni ya VMware alieleza mbinu ya puto: programu ndogo huwekwa ndani ya mashine pepe, na seva ikibanwa, programu hiyo inaanza kuomba memori kama puto linalojaa upepo. Mashine, bila kujua inachezewa, inaachia vipande vya memori isivyovihitaji sana, na seva inavipa wengine. Mbinu nzuri hiyo, lakini mimi naiona ni ya kuokoa siku mbaya. Mpango mzima usijengwe juu yake.

Na hizo namba tulizogawa zisiwe za kukisia tu. Iangalieni kila mashine kwa wiki kadhaa, mwisho wa mwezi ukiwemo, wakati hesabu za mishahara zinapigwa, mwone inafika wapi ikielemewa.

Mwenye kompyuta ya Linux yenye gigabaiti 8 anaweza kuanza leo, kwani KVM, programu ya kuendeshea mashine pepe, imo ndani ya Linux tangu 2007 na ni bure. Tengeneza mbili za gigabaiti mbili mbili, zipe kazi, kisha ongeza ya tatu na ya nne, ukitazama kompyuta inaanza kusota wapi. Hifadhi kazi zako kabla hujajaribu.