Kura ya Maoni na Uwakilishi katika Nchi Yenye Migawanyiko: Mchungaji Awafundishe Nini Waumini?

Utangulizi

Katika sharika za pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam, kuanzia Mbagala na Chamazi hadi Boko na Bunju, mazungumzo juu ya katiba huleta swali moja: je, mambo makubwa ya taifa yaamuliwe na wawakilishi tuliowachagua, au yarudishwe kwa wananchi wenyewe wayapigie kura? Wengi hujibu upesi kwamba kura ya wananchi wote ndiyo demokrasia halisi, kwa kuwa hapo hakuna mtu wa katikati. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Makala hii inakusudia kueleza njia hizo mbili, kuzipima kwa mambo yaliyotokea kwetu na kwa jirani zetu, kisha kuonyesha wajibu wa mchungaji.

1. Maana ya maneno

Kwanza yafaa tuondoe utata. Hapa kwetu "kura za maoni" humaanisha pia kura za ndani ya chama za kuwateua wagombea. Makala hii haihusu hizo. Kura ya maoni tunayoizungumzia ni ile ambayo raia wote wenye haki huulizwa swali moja, nao hujibu "ndiyo" au "hapana".

Demokrasia ya uwakilishi ni kitu kingine. Mwakilishi si tarishi wa kubeba barua iliyofungwa. Hutumwa asikilize, ajadiliane na wawakilishi wa watu wengine, na mwisho wapate neno ambalo pande zote zaweza kuishi nalo. Udhaifu wake twaujua: aweza kutazama maslahi yake au amri ya chama chake kuliko watu waliomtuma.

Kura ya maoni ina heshima ambayo Bunge halina, maana mwananchi hawezi kusema kwamba hakuulizwa. Lakini haina nafasi ya kurekebisha. Anayekubali sura tisa na kukataa ya kumi hana mahali pa kuandika hivyo. Tena, swali lenyewe huandikwa na watu wachache. Kwa hiyo hata kura ya maoni huanzia kwa wawakilishi.

2. Wengi ni wangapi, na wa wapi?

Sensa ya mwaka 2012 yatupa mfano ulio karibu. Wilaya ya Temeke, ambayo wakati ule ilikuwa pamoja na Kigamboni, ilikuwa na watu 1,368,881. Zanzibar yote, Unguja na Pemba, ilikuwa na watu 1,303,569. Kinondoni peke yake ilikuwa na watu 1,775,049. Maana yake ni kwamba kama jambo la Muungano lingeamuliwa kwa kuhesabu vichwa tu, wilaya moja ya Dar es Salaam ingeweza kumzidi mshirika mzima wa Muungano.

Ndiyo sababu Sheria ya Kura ya Maoni ya mwaka 2013 ilitaka Katiba mpya ikubaliwe na zaidi ya nusu ya kura katika kila upande, Tanzania Bara na Zanzibar. Katiba ya mwaka 1977 nayo, katika ibara ya 98, yataka mambo ya msingi ya Muungano yabadilishwe kwa theluthi mbili ya wabunge wa kila upande. Uswisi, nchi yenye lugha na madhehebu mbalimbali, hufanya vivyo hivyo: badiliko la katiba lahitaji wingi wa wapiga kura na wingi wa majimbo pia.

Mfano wa pili ni Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991. Karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka mfumo wa chama kimoja uendelee. Hata hivyo Tume ilishauri vyama vingi viruhusiwe, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Kama ingekuwa kura ya maoni, wale wachache wangeshindwa vibaya na neno lao lingeishia hapo. Tume iliweza kupima uzito wa hoja pamoja na idadi ya watu. Lakini mfano huu tusiutumie vibaya. Kiongozi anayezoea kusema kwamba ayajua mema ya watu kuliko wao wenyewe, mwisho hataona haja ya kuwauliza.

3. Funzo la jirani

Tarehe 21 Novemba 2005 Wakenya walipigia kura katiba mpya. Alama ya "ndiyo" ilikuwa ndizi, na ya "hapana" chungwa. Rasimu iliyojadiliwa na wajumbe huko Bomas ilikuwa imebadilishwa na wanasiasa kabla ya kufika kwa wananchi. Chungwa lilishinda kwa takriban asilimia 58, na kura nyingi zilifuata maeneo na viongozi kuliko yaliyoandikwa. Chungwa hilo likawa jina la chama, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,000 waliuawa. Sisemi kwamba kura ya 2005 ndiyo iliyoleta mauaji. Nasema iliwapanga watu katika makundi mawili, wala haikuwapa mahali pa kupatana. Mwaka 2010 mambo yalikuwa tofauti: mapatano ya viongozi yalitangulia, wataalamu wakaandika, Bunge likajadili, na tarehe 4 Agosti theluthi mbili hivi ya wapiga kura wakakubali kwa amani.

Uganda yatuonya kwa namna nyingine. Mwaka 2000 asilimia 90 hivi ya waliopiga kura walitaka mfumo usio wa vyama. Mwaka 2005 asilimia 92 hivi walitaka vyama virudi. Mara zote mbili jibu lililoshinda ndilo serikali ililolitaka. Kura ya maoni yaweza kuwa sauti ya watu, na yaweza kuwa mwangwi wa mtawala.

4. Zanzibar, Julai 2010

Mfano ulio bora zaidi uko kwetu. Kwa miaka mingi uchaguzi wa Zanzibar uliigawa nchi pande mbili, na Januari 2001 damu ilimwagika. Mwezi Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana na kuanza maridhiano. Baraza la Wawakilishi likayapokea. Ndipo, tarehe 31 Julai 2010, wananchi wakaulizwa kama wanakubali serikali ya umoja wa kitaifa. Asilimia 66.4 walikubali. Miezi mitatu baadaye Dk. Ali Mohamed Shein alipata asilimia 50.1 na Maalim Seif 49.1, na nchi ikabaki tulivu.

Tutazame mpangilio wake: mapatano, kisha wawakilishi, kisha wananchi. Kura ilikuwa muhuri juu ya mapatano yaliyokwisha kufanyika. Hata hivyo muhuri hauwezi kulinda mapatano ambayo wenyewe wameyaacha. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2015 kufutwa, na ule wa marudio wa Machi 2016 kususiwa na CUF, serikali ile ya pamoja ilikoma hadi Desemba 2020.

Bara hatukufuata mpangilio huo. Tarehe 16 Aprili 2014 wajumbe wa upinzani wa UKAWA walitoka katika Bunge Maalum la Katiba, nalo likaendelea bila wao hadi kupitisha Katiba Inayopendekezwa mwezi Oktoba. Kura ya maoni iliyopangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015 iliahirishwa kwa sababu uandikishaji wa wapiga kura haukuwa umekamilika. Lakini hata kama daftari lingekuwa tayari, wananchi wangepewa kazi ya kuamua ugomvi ambao wawakilishi wao waliukimbia.

5. Maandiko yasemaje?

Biblia haituagizi mfumo wa kupiga kura. Mafundisho ya Kilutheri juu ya tawala mbili, na Ungamo la Augsburg katika kifungu cha 16, yaliacha jambo hilo kwa akili na haki. Lakini Maandiko yanatufundisha juu ya mwanadamu. Katika Hesabu 13 wapelelezi kumi kati ya kumi na wawili walikosea, nao walikuwa wawakilishi wa kabila zao. Mbele ya Pilato kundi lote la watu lilikosea. Dhambi haikai kwa wakubwa tu, wala kwa wengi tu.

Matendo 15 yatuonyesha njia nyingine. Kule Yerusalemu palikuwa na hoja nyingi, ushuhuda wa Petro, taarifa ya Barnaba na Paulo, na shauri la Yakobo lililojali dhamiri za pande zote mbili. Baadaye barua ikasomwa mbele ya kusanyiko la Antiokia, nalo likafurahi. Mashauriano yalitangulia, kupokelewa na watu wote kukafuata.

6. Wajibu wa mchungaji

Mwezi Machi 2015 Jukwaa la Wakristo Tanzania liliwahimiza waumini waipigie Katiba Inayopendekezwa kura ya "hapana". Kardinali Polycarp Pengo alisema waumini waachwe waamue wenyewe. Kanisa lina haki ya kusema juu ya haki na uonevu, wala lisinyamazishwe. Lakini neno moja la "ndiyo" au "hapana" toka mimbarani lina hatari yake. Mimbari ikisema hivi na msikiti ukasema vile, matokeo yatasomwa kama hesabu ya Wakristo na Waislamu. Nasi Temeke na Kinondoni tunapanga nyumba moja, tunazikana, watoto wetu wanakaa dawati moja.

Basi mchungaji awafundishe waumini kusoma yaliyoandikwa. Awafundishe kuuliza: nani aliandika swali hili, na nani hakuwapo mezani lilipoandikwa? Awakumbushe kwamba upande mdogo una haki ya kuhesabiwa peke yake. Na siku ya matokeo awe mchungaji wa walioshindwa pia.

Hitimisho

Hatulazimiki kuchagua kati ya Bunge na kura ya wananchi. Wawakilishi wana kazi ya kupatanisha, na wananchi wana haki ya kuthibitisha au kukataa. Mpangilio huo ukigeuzwa, kura huwa ni kuhesabu maadui. Itakapofika siku ya Watanzania kuulizwa juu ya katiba yao, swali la kwanza la Mkristo liwe hili: je, ndugu zetu wamekwisha kupatana, au tunaitwa tuamue nani amshinde mwenzake?