Lenzi Kwanza, Kamera Baadaye: Mpiga Picha wa Ridhaa na Nuru ya Nansio

Shida ya mpiga picha wa Ukerewe si uchache wa nuru bali ni wingi wake. Kisiwa hiki cha Ziwa Viktoria kiko takriban nyuzi 2 kusini mwa Ikweta, na mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba, jua la adhuhuri hupita utosini hasa; hata katika miezi mingine kivuli cha mtu mchana hakiendi mbali na miguu yake, na hapo ndipo nyuso huingia kiza chini ya kofia na kanga, maji ya ziwa yakameta mpaka macho yakauma, na majabali meupe ya pwani ya mji wa Nansio yakapoteza sura yote yaliyokuwa nayo alfajiri. Nasema haya mapema kwa sababu mazungumzo ya kamera katika miji yetu aghalabu huanzia mahali pasipostahili, yaani nani ana kamera ya mwaka huu na nani bado anayo ya mwaka juzi, ilhali ziwa, jua na vumbi la barabara ya Kagunguli haviulizi kamera ilitoka mwaka gani.

Kamera isiyo na kioo, ambayo sasa ndiyo inayoshughulikiwa na watengenezaji karibu wote wakubwa, ni rahisi kuifahamu ukiifahamu kwanza ile iliyoitangulia. Katika kamera ya kioo, ambayo nasaba yake ya filamu ya milimita 35 inarudi hadi Kine Exakta ya Ujerumani mwaka 1936, na ambayo ilitawala kazi za magazeti duniani baada ya Nikon F ya mwaka 1959, nuru iliyopita ndani ya lenzi hukutana na kioo kilichoinama, ikarushwa juu mpaka jichoni mwa mpigaji. Naye anapobonyeza, kioo hunyanyuka kwa kishindo kuipisha nuru ifike kwenye filamu, au kwenye kihisi, yaani kile kibamba kinachopokea taswira katika kamera za leo. Mwaka 2008 Panasonic walitoa Lumix G1, ambayo kioo kimeondolewa kabisa na nuru inaangukia kwenye kihisi wakati wote. Sony wakafuata mwaka 2010, wakatoa mwaka 2013 Alpha 7 yenye kihisi cha fulu fremu, yaani chenye ukubwa wa fremu ya filamu ya milimita 35. Na Nikon na Canon, waliokuwa wakijikokota, wakaingia kwa nguvu zao zote mwaka 2018. Tangu hapo hukumu imekwisha kupita, na kubishana kama kamera ya kioo itarudi ni kupoteza wasaa.

Faida kubwa ya kamera hizi kwa mtu wa Nansio, kwa rai yangu, si wepesi wake, bali ni kwamba kidirisha cha kuchungulia, ambacho sasa ni skrini ndogo, humwonyesha mpigaji picha kama itakavyotoka kabla hajabonyeza. Kipimo cha nuru kilichomo ndani ya kamera hakina akili ya kutofautisha mtu na maji. Kwa kawaida yake hukadiria kwamba kila kilicho mbele yake kina rangi ya kijivu cha wastani, na kwa hiyo kikielekezwa kwenye ziwa linalong'aa hupunguza nuru, na uso wa mvuvi aliyesimama mbele ya maji hayo hugeuka doa lisilo macho wala mdomo. Zamani jambo hilo lilidhihirika baada ya filamu kusafishwa, pengine wiki mbili baadaye huko Mwanza. Sasa unazungusha gurudumu la kufidia mwanga, ukaongeza moja au moja na nusu, na uso unafunguka machoni mwako papo hapo, maadamu umehakikisha kwamba mpangilio wa kuonyesha mwanga halisi haukuzimwa. Si jambo dogo hili. Ngozi nyeusi imedhulumiwa na vyombo vya picha kwa miaka mingi: maabara za Marekani na Ulaya zilikuwa zikisawazisha rangi za filamu kwa kadi zenye sura ya mwanamke wa Kizungu, kadi zilizoitwa kwa jina la Shirley, na hakuna aliyejali sana ikiwa bibi harusi wa Bukindo atatoka kama kivuli.

Tukifika kwenye lenzi ndipo tunapofika kwenye kiini cha habari. Lenzi inayokuja na kamera, ile ya kuvuta kutoka milimita 16 hadi 50 au 15 hadi 45, si mbaya kwa mandhari ya mchana, lakini ukiivuta hadi mwisho tundu lake hujifinya mpaka f/5.6 au likawa finyu zaidi; na lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu katika koo nyingi za kamera, huingiza nuru zaidi ya mara tisa kuliko hiyo. Mara tisa ndiyo tofauti kati ya picha safi na picha iliyotikisika ndani ya duka lenye taa moja, ndani ya nyumba ya udongo yenye dirisha dogo, au katika kanisa la Kagunguli wakati wa misa ya kwanza, jua lingali chini. Kwa hiyo mwenye fedha za kutosha kununua bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, ya mwaka huu pamoja na lenzi inayokuja nayo, mimi humshauri anunue bodi iliyotumika, mathalan Sony a6000 ya mwaka 2014 au Fujifilm X-T20 ya mwaka 2017, na salio lote alitie kwenye lenzi moja nzuri isiyovuta. Canon EOS M50 nayo ni kamera ya kupendeza na rahisi kupatikana kwa mtumba, lakini Canon wameacha kuutengenezea mlango wake lenzi mpya, na anayeinunua ajue kwamba anaingia katika nyumba isiyojengwa tena.

Kwa kamera kama hizo za Sony na Fujifilm, ambazo kihisi chake ni kidogo kuliko cha fulu fremu na kwa hiyo milimita 35 huonekana kama 52 na milimita 50 kama 75, lenzi ya 35 ndiyo ningeitanguliza: inatosha kumpiga mtu na mazingira yake, inatosha mtumbwi na wanaouvuta, nayo humlazimisha mpigaji kusogea kwa miguu yake badala ya kusimama mbali akivuta. Hata Mohamed Amin, mpiga picha wa habari aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 akakulia Dar es Salaam, akaanzisha Camerapix huko huko Dar mwaka 1963, na ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliitikisa dunia, alianza udogoni na Box Brownie, kamera ya sanduku isiyo na cha kuvuta wala cha kurekebisha ila kidogo sana.

Yuko mtu mmoja tu ambaye simkatazi kununua bodi mpya na lenzi ndefu, naye ni mpenzi wa ndege. Furukombe hukaa juu ya majabali na miti iliyokauka kando ya ziwa, mdiria husimama angani akipiga mbawa kabla ya kujitupa majini, mnandi hukausha mabawa yake juu ya ukingo wa mtumbwi. Na hao wote hawamngojei mwenye lenzi ya 35. Lenzi ya 70 hadi 300 kwenye kihisi kidogo huona kama ya 450, na bodi za miaka ya karibuni hulitambua jicho la ndege na kuliandama hata akiruka, jambo ambalo kamera ya 2014 hailiwezi kwa yakini. Hata hivyo afanye kazi yake kabla ya saa tatu asubuhi, kwani baada ya hapo joto linalopanda juu ya maji huifanya hewa icheze, na lenzi ndefu ya bei yoyote ile huipiga hewa hiyo pamoja na ndege. Asiye na nauli ya kwenda mbali avuke hadi Saanane, kisiwa kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2013, ambacho kiko umbali mfupi tu kwa boti kutoka katikati ya jiji la Mwanza.

Halafu kuna usiku wa dagaa, ambao kwa maoni yangu ndio uzuri mkubwa kuliko wote wa pwani hii, na ambao wageni huukosa kwa sababu hulala mapema. Wavuvi hutoka katika giza la mwezi, kwa kuwa mbalamwezi huwatawanya dagaa, na upeo wote wa ziwa hujaa taa zilizopangwa kwa mstari. Hapo huhitaji kamera ya thamani; wahitaji stendi ya miguu mitatu, subira, na kuacha shata wazi kwa sekunde kumi au kumi na tano. Lakini lipo jambo moja geni la kuangalia. Zamani taa hizo zilikuwa karabai za mafuta, na moto wake ulikuwa mtulivu. Siku hizi wengi wametia taa za betri na za sola, nyingi za aina hiyo huwaka na kuzimika kwa kasi isiyoonekana na jicho, na ukiwapiga wavuvi karibu, mwaloni wanaposhusha, ukitumia shata ya kimya ambayo kamera hizi mpya zinajivunia, picha hutoka na mistari myeusi ya mlalo juu ya nyuso na nyavu. Kamera haijaharibika. Rudi kwenye shata ya kawaida, upunguze kasi, na mistari itapungua au iondoke. Shata hiyo hiyo ya kimya ndiyo inayopinda bawa la ndege arukaye, kwa kuwa kihisi husomwa safu kwa safu, na bawa limekwisha kusogea kabla safu ya mwisho haijasomwa.

Katika kutunza, sisi wa ziwa tuna nafuu moja na taabu moja. Nafuu ni kwamba maji yetu ni baridi, hayana chumvi, na hatujui ule ulaji wa vyuma unaowasumbua wenzetu wa Unguja na Mombasa. Taabu ni unyevu. Lenzi iliyofungiwa ndani ya mkoba wa ngozi kwa msimu wa masika huota kuvu baina ya vioo vyake, nyuzi nyembamba nyeupe zinazotambaa kutoka ukingoni kuelekea kati, na kuvu akikaa sana huula utando wa kioo, usirudi tena. Dawa yake ni ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana na vifuko vya silika ndani yake, na kuitumia lenzi mara kwa mara mahali penye hewa. Kadhalika, kwa kuwa hakuna kioo kinachokinga, unapobadilisha lenzi kihisi hubaki uchi mbele ya vumbi: zima kamera, elekeza mdomo wake chini, upe upepo mgongo, na usibadilishe lenzi juu ya pikipiki. Skrini ya kuchungulia nayo hula betri. Baadhi ya kamera za kioo zilipiga picha elfu moja na ushei kwa betri moja, na hizi nyingi hupiga mia tatu au mia nne, basi beba betri ya akiba kabla ya kupanda meli.

Mwaloni, wanawake wanaoanika dagaa juu ya mchanga na chanja wamekwisha kuzoea wageni wenye kamera, lakini kuzoea si kuridhia. "Shikamoo, mama," huanza kijana mwenye adabu. "Marahaba, baba. Umetumwa na gazeti gani?" Akijibu kwamba hakutumwa, anapiga kwa kupenda tu, atasikia jibu lililo na hukumu kamili ya sanaa ya picha za watu: "Piga, lakini usinipige nimeinama." Naye amtii. Katika kisiwa jirani cha Ukara, ambako kivuko cha MV Nyerere kilizama tarehe 20 Septemba 2018 na kuua watu zaidi ya 200, kamera na ishushwe kabisa mbele ya makaburi, isipokuwa kwa idhini ya wenyewe. Na kuwahifadhi watu si kazi ya kamera tu: Aniceti Kitereza, mwana wa kisiwa cha Ukerewe, alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe riwaya yake ndefu ya Myombekere na Bugonoka, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapwa mwaka 1980. Na kwa kalamu peke yake alihifadhi habari za kilimo, uchumba, uganga na karamu za Wakerewe kwa ihtimamu ambayo wengi wetu, pamoja na kadi zetu za kumbukumbu zilizojaa, hatujaikaribia.

Anayekwenda Mwanza au Kariakoo kununua kamera ya mtumba achukue tochi na karatasi nyeupe. Tochi aimulike ndani ya lenzi kutoka nyuma, atafute zile nyuzi za kuvu. Karatasi aipige kwa tundu la f/16, akuze picha, na vumbi au mikwaruzo ya kihisi itaonekana kama madoa. Apige nyingine kizani lenzi ikiwa imefunikwa, aone kama kuna nukta zinazowaka. Afungue menyu: baadhi ya kamera za Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani hazina lugha nyingine ila Kijapani, wala si rahisi kumpata fundi wa mjini atakayembadilishia. Achomeke chaji, atoe betri aone kama haikuvimba, na abonyeze shata mara nyingi mfululizo akisikiliza. Muuzaji asiyekubali kamera yake ijaribiwe hivyo, mrudishie, umuage kwa heri, uende duka la pili.