Moyo wa mwenye duka: Hesabu iliyoanza kwa Wahindi yafika Maneromango

MAGARI ya mizigo yanayotoka Maneromango kuja Dar es Salaam kupitia Kisarawe na Pugu hubeba mihogo, mananasi na, msimu ukifika, korosho. Yakirudi huwa na sukari, sembe, ndoo za mafuta ya kupikia, kreti za soda na katoni za sigara. Kwa kawaida ukurasa huu hupiga hesabu ya faida ya kwenda na faida ya kurudi. Wiki hii tunamwangalia huyo anayekaa nyuma ya kaunta. Maduka mengi ya wilaya ya Kisarawe yana mtaji ulio kichwani mwa mtu mmoja tu, na akianguka ghafla hakuna anayejua nani anadaiwa nini.

Ugonjwa wa mishipa ya moyo uligonga hodi kwanza kwa Wahindi. Mwaka 1959 madaktari Shaper na Jones waliokuwa Kampala walichapisha utafiti ulioeleza kuwa ugonjwa huo ulikuwa karibu haupo kabisa kwa Waafrika wa Uganda, wakati kwa Waasia wa nchi hiyo hiyo ulikuwa tatizo kubwa. Jua ni lile lile na mvua ni ile ile. Madaktari hao walitazama chakula na kiasi cha mafuta katika damu, na huko tofauti ilionekana wazi.

Hapa nyumbani, mwaka 1991 Dk. Kaushik Ramaiya na wenzake walichapisha matokeo ya kupima watu 1,147 wa jumuiya saba za Kihindu jijini Dar es Salaam. Karibu mtu mmoja kati ya kumi alikuwa na kisukari, ugonjwa unaokwenda bega kwa bega na wa moyo. Miaka miwili kabla, upimaji wa vijiji sita vya Tanzania ulikuwa umekuta kisukari kwa chini ya mtu mmoja katika kila mia. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba jumuiya hizo saba zenyewe hazikufanana. Nyingine ziliathirika zaidi, nyingine kidogo. Kwa hiyo anayesema "ni damu ya Kihindi tu" anafunga hesabu mapema mno.

Ni kweli kuwa asili ina sehemu yake. Mtu wa asili ya Bara Hindi huweka mafuta mengi ndani ya tumbo hata kama mizani inamwonyesha mwembamba. Ndiyo sababu kwake kiuno cha sentimita 90 kwa mwanamume, au 80 kwa mwanamke, huhesabiwa kuwa ni dalili ya hatari, wakati kwa mwanamume wa Ulaya kipimo hicho ni 94. Lakini utafiti mkubwa wa INTERHEART, uliofanyika katika nchi 52 na kutolewa mwaka 2004, ulikuta kuwa mambo tisa yanaeleza sehemu kubwa sana ya mashambulio ya moyo duniani: sigara, mafuta mabaya katika damu, presha, kisukari, kitambi, mawazo mengi, unywaji wa pombe, uhaba wa matunda na mboga, na kukaa bila mazoezi. Watu wa Asia Kusini walipata shambulio la kwanza wakiwa na umri wa miaka 53 hivi, wengine karibu 59. Wachunguzi walipopiga hesabu zaidi waliona kuwa sababu kubwa ya tofauti hiyo ni kwamba mambo hayo tisa huwaanza mapema, wangali vijana.

Wako pia wanaojiona salama kwa kuwa hawali nyama. Mwenye duka asiyegusa nyama anaweza kunywa vikombe sita vya chai ya maziwa yenye sukari kwa siku, akala kachori na bajia zilizokaangwa kwa mafuta yaliyochemshwa mara tano, chapati zikamwagiwa samli, kisha akatafuna tambuu yenye tumbaku. Kutoka asubuhi hadi usiku hatembei zaidi ya hatua za kwenda stoo. Mwili haujui kwamba mkate huo ni wa dini gani.

Sasa tugeukie Maneromango. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, na hasa vijiji vya ujamaa vya miaka ya 1970, Wahindi wengi waliokuwa na maduka mashambani walihamia mijini au nje ya nchi. Kiti cha nyuma ya kaunta sasa kimekaliwa na Mzaramo, Mchaga, Mkinga au Mpemba. Kiti ni kile kile, na bidhaa zinazomzunguka mwenye duka ndizo anazozila. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta presha kwa takriban mtu mmoja kati ya wanne, na kisukari kwa karibu tisa katika mia. Vipimo havikuwa sawa na vile vya zamani, kwa hiyo mizani si moja, lakini mfanyabiashara yeyote anaujua mwelekeo wa bei anapouona.

Gharama ya kuzuia ni ndogo. Kupima presha huchukua dakika chache, na presha haina dalili mpaka imeshaharibu kitu. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, ikiwemo iliyomo ndani ya vyakula vya paketi. Mwendo wa haraka wa nusu saa, siku tano kwa wiki, unatosha kuanzia. Korosho zenyewe, gumba moja na zisizo na chumvi, ni bora kuliko bajia. Lakini huku kwetu zinauzwa zote na mwenye shamba anabaki na soda. Aliyeandikiwa dawa za presha asiziache kwa sababu anajisikia vizuri.

Kifua kikibana kama kimewekewa gunia, maumivu yakipanda kwenye taya au mkono, jasho baridi likitoka, asisubiri kufunga duka wala asiseme ni kiungulia. Mwenye kisukari anaweza asisikie maumivu, akaishiwa pumzi tu. Muhimbili ilianza kupasua moyo mwaka 2008, na tangu mwaka 2015 iko Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, hivyo si lazima tena kila mgonjwa apelekwe India. Lakini kutoka Maneromango hadi huko ni safari, na msuli wa moyo uliokosa damu hufa kwa saa chache. Mwenye duka na amwonyeshe mkewe, au kijana wake wa dukani, namba ya dereva wa kuaminika, na daftari la madeni lilipo.