Kiatu cha Mpira wa Vinyoya na Mguu Unaokivaa

Mgonjwa wa kisukari au wa shinikizo la damu anayehudhuria kliniki mjini Mbeya au Iringa aghalabu huondoka na maagizo mawili: ameze dawa na afanye mazoezi. Agizo la kwanza huandikwa kwa jina la dawa, kipimo na saa. La pili huachwa hivyo hivyo, bila kuulizwa atafanya zoezi gani, mahali gani, na akiwa amevaa nini miguuni. Kwa baadhi ya wagonjwa, jibu la swali hilo la mwisho ndilo linaloamua kama zoezi litawajenga au litawarudisha hospitalini na kidonda.

Mpira wa vinyoya, au badmintoni, unafaa kutolewa mfano kwa sababu mbili. Kwanza, hauhitaji mengi: raketi mbili, kinyoya, na ukumbi wa shule au ua ulio tambarare, mtu wa miaka 50 anaweza kucheza na mwanawe bila kuona haya. Pili, pamoja na wepesi huo wa kuuanza, ni mchezo mkali kwa miguu. Mchezaji hakimbii kwenda mbele tu kama mkimbiaji wa barabarani. Hupiga hatua fupi za upande, husimama ghafla, hurudi nyuma akitazama juu, kisha hutupa mguu mmoja mbele kwa hatua ndefu ili kukiwahi kinyoya karibu na wavu. Katika hatua hiyo kisigino hutangulia kugusa chini, nao mguu hupokea kishindo kinachozidi mara mbili ya uzito wa mwili. Mguu unaopokea ni ule wa upande wa mkono ulioshika raketi, na ni huo huo kila mara.

Hapo ndipo kiatu cha kukimbilia kinapomponza mtu. Watu wengi, wakiwemo watumishi wa afya, huamini kwamba raba laini yenye soli nene ndiyo bora kwa kila mchezo. Raba ya kukimbilia imeundwa kwa mwendo wa kwenda mbele: kisigino chake kimeinuliwa na soli yake hubonyea. Mguu unapotua kwa upande, unene huo hugeuka kuwa wenzo. Ukingo wa soli hubonyea, unyayo hupinduka kwa ndani, na kano za upande wa nje wa kifundo hutanuka au kukatika. Huku ndiko kuteguka kunakojulikana sana viwanjani, na ulaini uliopendeza wakati wa kununua ndio ulioanzisha.

Kiatu kinachofaa huonekana duni mbele ya macho yasiyozoea. Kiko chini, karibu na ardhi. Soli yake ni bapa, ya mpira wenye rangi ya asali au nyeupe, unaoshika sakafu ya ukumbi bila kuacha alama nyeusi. Mbavu zake ni ngumu kuliko za raba ya kukimbilia ili unyayo usiteleze ndani kuelekea pembeni, na kisigino hakibonyei kinapofinywa kwa vidole. Kampuni za Yonex, Li-Ning na Victor hutengeneza viatu vya namna hiyo mahususi kwa mchezo huu, lakini asiyevipata hana haja ya kukata tamaa. Viatu vya voliboli na vya mpira wa mikono vinavyochezwa ukumbini vina soli ya aina ile ile. Vya tenisi navyo vinafaa, hasa kwenye saruji.

Kwa wengi, kiatu hicho kitapatikana Mwanjelwa mjini Mbeya, au kwa wauza mitumba wa Mlandege mjini Iringa, kikiwa kimetanguliwa na mguu wa mtu mwingine. Hilo si aibu, ila linadai macho. Mnunuzi akiweke kiatu juu ya kitu kilicho sawa na kukitazama kwa nyuma. Kikiinamia upande mmoja, akirudishe, kwa kuwa kitainamisha na mguu wake. Kisha akikunje: kinapaswa kupinda pale vidole vinapoanzia, si katikati ya unyayo. Akikamue kama nguo iliyofuliwa. Kikijizungusha kwa urahisi hakitamshikilia anapogeuka. Amalizie kwa kutazama soli chini. Kiatu cha mtu aliyecheza kwa mkono wa kulia huwa kimelika ubavu wa ndani karibu na kidole gumba cha mguu wa kushoto, kwa sababu mguu huo huburutwa nyuma katika hatua ndefu. Alama hiyo humwonyesha mnunuzi kwamba hicho ni kiatu cha uwanjani kweli. Ikiwa mpira umekwisha kabisa hapo, bei yoyote ni ghali.

Yupo na mdanganyifu wa pili: kiatu kikuukuu kinachoonekana kipya. Povu la poliyurethani lililomo katika soli za viatu vingi humenyuka na unyevu wa hewa, likaoza polepole hata kama kiatu hakijavaliwa. Raba iliyokaa kabatini miaka mingi inaweza kupasuka soli siku ya kwanza ya mchezo. Dalili zake ni nyufa ndogo ubavuni mwa soli, mnato usio wa kawaida, au unga unaobaki kidoleni soli inapofikichwa.

Namba iliyoandikwa ndani haitoshi, maana namba za Uingereza, za Ulaya na za Marekani hazilingani, tena viwanda navyo hutofautiana. Njia ya zamani ni bora: asimame juu ya karatasi jioni, wakati miguu imevimba kidogo kwa shughuli za mchana, achorewe nyayo zote mbili, azikate na kwenda nazo sokoni. Ikiwa karatasi inajikunja ndani ya kiatu, kiatu ni kidogo au chembamba. Mbele ya kidole kirefu kibaki kiasi cha sentimita moja, na kipimo kichukuliwe kwa mguu mkubwa zaidi akiwa amevaa soksi atakazochezea.

Yote hayo yanamhusu mtu anayehisi miguu yake. Asiyeihisi ana habari nyingine, na Nyanda za Juu Kusini zina sababu ya kumkumbuka. Mikoa ya Iringa, Njombe na Mbeya imekuwa miongoni mwa mikoa yenye maambukizi mengi zaidi ya VVU nchini. VVU vyenyewe huweza kudhuru mishipa ya fahamu ya miguu. Dawa ya stavudini, iliyotumiwa sana zamani, nayo ilidhuru hivyo, hata mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likazishauri nchi ziiache hatua kwa hatua. Baadhi ya waliowahi kuitumia bado wana ganzi au miguu inayowaka moto usiku. Isoniazidi ya kutibu au kukinga kifua kikuu huweza kuleta ganzi pia, ndiyo maana huambatanishwa na vitamini B6. Kisukari kinajulikana.

Mtu wa namna hiyo haambiwi na maumivu kwamba kiatu kinambana. Wala mtumishi wa afya hahitaji kifaa cha gharama ili kumtambua. Mgonjwa afumbe macho. Mtumishi aguse kwa ncha ya kidole, kwa wepesi na kwa sekunde moja au mbili, kidole gumba, cha katikati na cha mwisho cha kila mguu. Akishindwa kuhisi miguso miwili au zaidi kati ya sita, miguu yake ichukuliwe kuwa imepoteza hisia. Huyo asicheze peku hata kwenye nyasi. Kabla ya kuvaa apapase ndani ya kiatu kwa mkono, kwani kokoto au mshono ulioinuka unatosha kumchimba. Kiatu kipya akivae nusu saa nyumbani, avue, atazame ngozi. Wekundu usiotoweka upesi maana yake kiatu hicho si chake. Soksi nyeupe zitamwonyesha damu asiyoihisi. Mwenye kidonda wazi unyayoni asubiri kipone.

Watoto wa shule ni suala jingine. Mtoto mwenye afya anayecheza peku kwenye nyasi safi huenda yuko salama kuliko mwenzake aliyeazima raba ya kaka yake iliyozidi namba tatu.

Uwanja nao huchagua kiatu. Mwaka 2019 Shirikisho la Badmintoni Duniani lilizindua aina ya mchezo huu wa kuchezewa nje, juu ya nyasi, mchanga au sakafu ngumu. Soli laini ya ukumbini huliwa haraka na saruji, na ikijaa vumbi huteleza. Ifutwe kwa kitambaa chenye maji kabla ya mchezo.

Mwinuko una lake. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na kinyoya huruka mbali zaidi. Ndiyo sababu vinyoya vya manyoya huwekewa namba za kasi, ndogo zikiwa za mahali pa juu. Anayetumia kinyoya cha pwani hurudi nyuma mara kwa mara na kujisukuma kwa kisigino, akiielemea kano iliyo nyuma yake. Asubuhi za Juni na Julai, mwili ukiwa bado wa baridi, kano hiyo haipendi kushtukizwa. Mchezaji akisikia mlio nyuma ya kisigino, kama aliyepigwa jiwe, na akashindwa kusimamia vidole, apelekwe hospitali, asikandwe.

Katika miezi ya mvua raba hukaa na unyevu, na unyevu huita fangasi. Soli ya ndani ya mtumba itupwe na kuwekwa mpya, kiatu kifuliwe na kukaushwa kivulini penye upepo, kikiwa kimejazwa magazeti. Kukiweka karibu na jiko la mkaa huyeyusha gundi. Soli ikiachia, fundi viatu anaweza kuishona pembeni na kiatu kikadumu msimu mwingine. Asipewe tu ruhusa ya kuongeza kipande cha tairi chini, kwani kitaurudisha ule unene unaopindua kifundo.